Puli Ndogo ya Nakuleu

Nakuleu, fundi wa magari pale Lodwar, ni mwanamke mbishi kuliko punda. Pikapu yake alishaifungia supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda na kuisukumia injini hewa zaidi, na bado hakuridhika. Akabadilisha puli, kile kigurudumu cha mkanda, akaweka ndogo ili pampu izunguke kasi. Kisha, gari liwe jepesi, akateremsha hata jerikeni za maji. Maji, jamani, na hii ni Turkana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akaenda Kakuma kumringia mdogo wake Lokiru. Akamkuta ameumwa na nyoka mguuni, na zahanati ya karibu imeishiwa dawa. Akampakia mbele, akakanyaga mafuta kurudi hospitali ya Lodwar.

Gari liliruka, si utani. Nakuleu aliogopa na kufurahi kwa pamoja, na hiyo furaha ilimwaibisha. Lakini hewa ikishindiliwa hivyo hupata joto, na jua la mchana halikuwa na huruma. Mshale wa joto ukapanda, naye akajifanya haoni. Karibu na laga, mto wa msimu uliokauka, mvuke ukafoka kwenye boneti na injini ikazima. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma.

Akashuka lagani, akafukua mchanga kwa mikono kama mama yake alivyomfundisha, mpaka kucha zikatoka damu. Maji yakajikusanya pole pole. Akapanda na kopo moja.

Lokiru alikuwa amevimba hadi gotini, midomo imekauka.

"Dada, nipe hata funda."

Nakuleu alijua akimpa funda, atampa kopo zima.

"Injini kwanza, Lokiru."

"Funda moja tu, dada."

Aliyamimina yote kwenye rejeta, akarudi lagani akilia. Kopo la pili likaenda huko huko, na la tatu.

Walifika, gari likijikokota. Dawa ikapatikana, na mguu ukapona. Puli kubwa ilirudi mahali pake, na jerikeni pia.

Siku hizi Lokiru akija Lodwar, husalimiana na dada yake vizuri tu, ejok kwa ejok. Nakuleu humkimbilia na kikombe cha maji kabla hajaomba. Lokiru hukipokea, hukiweka chini, kisha huenda kwenye pipa akajichotea mwenyewe.