Gugu Alilolifunga Baba

Ziwa letu halina kupwa na kujaa kama bahari. Lina upepo. Asubuhi hutoka milimani nyuma ya Muhuru Bay ukasukuma nje kila kinachoelea. Adhuhuri hugeuka, ziwa likaturudishia takataka zetu pamoja na za jirani. Sisi tuliokulia pale ufukweni tulijua saa kwa kutazama povu. Mambo ya mwezi na bahari usiniulize, siyajui.

Gugumaji liliingia miaka ya tisini. Lilikuja kidogo kidogo, mafungu ya majani manene yanayong'aa, na maua ya zambarau mazuri hata mama akachuma moja akaliweka mezani kwenye kopo. Yawa! Adui tulimkaribisha kwa maji ya kunywa. Misimu miwili ya mvua haikupita kabla halijafunika ghuba yote. Chini yake maji yakawa meusi kama chai iliyolala, yakanuka. Konokono wakajaa kwenye mizizi. Ngege, samaki tuliyempenda, akahama, na mbu wakatuhamia.

Watu wa bichi walikuwa wakilitoa kwa mikono kila Jumamosi na kulirundika mchangani lioze. Baba hakwenda. Yeye alikuwa mvuvi wa kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka anayepanda juu kuvuta hewa, na alikuwa amegundua kwamba kamongo wanapenda kujificha chini ya gugu. Basi akakata miti ya mkaratusi, akaichomeka majini mbele ya kwetu, akafungia hapo kipande kikubwa cha gugu ili upepo wa asubuhi usikichukue. Kando akaacha uchochoro wa kupitisha mashua. Kila siku alikuwa akitoboa mashimo katika lile gugu na kuteremsha ndoano zake. Alipata, siwezi kusema uongo. Tulikula kamongo mpaka nikamkinai, na aliyebaki mama alimkausha kwa moshi akawauzia wachuuzi waliompeleka Isebania.

Kaka yangu, mtoto wao wa kwanza, hakulipenda jambo hilo.

"Baba, hii kitu itatufungia nje," alisema.

"Wewe umeanza kuvua lini?" baba akamjibu. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Huyo ndiye baba yangu. Akishapata methali, kesi imekwisha.

Kipande kile kilikaa mpaka kikaota. Majani yaliyokufa yaligeuka udongo, nyasi zikachipua juu yake, halafu mafunjo, yale tunayoyaita togo. Ukikitazama kutoka nyumbani ungesema ni shamba. Na kila mtoto wa ziwani hufundishwa jambo moja kabla hajafundishwa kusoma: penye togo, mguu hauzami. Visiwa vya togo ya zamani huelea na bado hubeba watu. Babu zetu walivikanyaga, na sisi tulivikanyaga tukitafuta mayai ya ndege. Mizizi yake imesukana miaka na miaka. Lakini togo ya baba ilikuwa mgeni tu pale, imekaa juu ya gugu, na gugu ni maji yaliyovaa majani.

Siku moja kaka alikwenda peke yake kukagua nyavu kwa mashua yetu ya mbao, kuukuu, iliyokaribia kuvuja hata ikiwa mchangani. Tuliizoea: unapiga kasia, unachota maji, unapiga kasia. Adhuhuri, mama na mimi tukiwa tunaanika omena, dagaa wa ziwa letu, nilimwona anarudi. Upepo ukageuka, tena kwa hasira. Nyuma yake gugu la ghuba nzima lilikuwa linakuja, likamfikia kabla hajaufikia uchochoro, likambandika kwenye gugu la baba. Kama si ile miti, lingemsukuma mpaka ufukweni, yeye na mashua yake, akashuka akicheka. Miti ikashika, naye akabanwa katikati.

Hakuwa mbali. Niliona hata kiraka cha shati lake. Mama alipiga yowe, watu wakaja na mapanga, wakaanza kukata kutoka nchi kavu. Unakata hapa, linajifunga pale. Hakuna mashua iliyoweza kuzunguka. Baba aliingia majini mpaka kifuani, anang'oa nguzo zake kwa mikono, lakini mizizi ilikuwa imezikumbatia, hata moja haikutoka.

"Mashua inajaa!" kaka alipaza sauti. Mbao zilikuwa zimebanwa mpaka zikaachana. Alichota maji kwa kopo, kisha akalitupa kopo akachota kwa mikono.

"Kaa hapo hapo, nyathina!" mama akamlilia. Mwanangu. "Tunakuja!"

Alikaa mpaka maji yakamfika magotini. Halafu bichi nzima ikapiga kelele, wazee kwa watoto: "Togo! Pita kwa togo! Kanyaga togo!" Ilikuwa imesimama pale karibu naye, mbichi, wima. Baba peke yake, mtoboa mashimo, aliyejua unene wa kitu kile, alikuwa akipiga kelele "Hapana! Hapana!" Sauti yake moja ingefanya nini?

Kaka akashuka. Hatua za kwanza zilimbeba, ndege wakaruka, watu wakashangilia. Kisha akazama mpaka kiunoni. Akashika togo, ikang'oka yote ikabaki mkononi mwake. Gugu likajifunga juu yake. Alijua kuogelea kutuzidi sisi sote, lakini utaogelea wapi chini ya dari?

Mtu akizama, kwetu hungojewa ufukweni. Ziwa huchukua siku zake, halafu linamwinua. Tulimngoja. Lakini angeinukia wapi na juu kumefunikwa? Baba aliikata ile miti kwa shoka, upepo wa asubuhi ukalichukua gugu lake, togo na vyote, likaelekea upande wa Tanzania. Mashua zililifuata zikalipekua. Hakuwemo. Mama alishinda mchangani, uji hataki, maneno hataki.

Mwishowe wazee wakasema imetosha. Kwetu, asiyepatikana huzikwa kwa tunda la yago, lile zito, refu kama mkono wa mtu. Linaviringishiwa shuka, linalazwa kaburini mahali pake, ili aache kutangatanga. Baba alikwenda kulichuma mwenyewe. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia baba yangu. Mama hakuwa amemsemesha tangu adhuhuri ile.

Baba aliteremka kaburini amelibeba lile tunda kifuani. Akasimama. Mwanamume kwetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, na baba alikuwa amezika wengi, alijua. Akaligeuza, akaligeuza tena. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake:

"Kichwa ni upande gani?"

Pasta alitazama Biblia yake. Mama akainuka, akavua viatu, akateremka. Akaifunua shuka, akapapasa ncha moja ya lile tunda, akapapasa na ya pili, taratibu, kama anayetafuta homa. Kisha akaifunika tena.

"Sijui," akamwambia baba. "Huyu si mtoto wangu. Mlaze unavyotaka."