Mama Msasa na Bampa Linalorudi

Nakutegea wewe unayesoma: mlaji wangu hana jino hata moja, lakini hula chuma na kubakiza unga. Ni nani? Fikiri kidogo, usiharakishe. Ukishindwa, mji wako baki nao, maana mlaji huyu hata mji angeula. Ni kutu.

Saa moja asubuhi unga huo unamwagika miguuni pa Mama Msasa. Amechuchumaa nyuma ya gari kuukuu la rangi ya maziwa, brashi ya waya mkononi, kitambaa kimefunika pua na mdomo. Anasugua kona ya kushoto ya bampa la nyuma. Rangi iliyovimba kama lengelenge inapasuka, na chini yake chuma ni chekundu, kinabanduka magamba magamba.

"Huyu ukimfunika, hajafa," anasema, akigonga kona kwa ncha ya bisibisi. "Anaendelea kula kimyakimya humo ndani. Mtoe wote kwanza, ufike kwenye chuma kinachong'aa, ndipo tuongee habari za rangi."

Anafungua boliti nne, analishusha bampa na kulilaza juu ya meza ya mbao kama mtu anayemlaza mgonjwa. Ni mara ya nne analifungua mwaka huu. Kona ni ileile, na jeraha ni lilelile: limegongwa, rangi imepasuka, maji yameingia, kutu imekaribishwa. Katika mikwaruzo yake Mama Msasa anachokonoa chembe nyeupe kwa ukucha.

"Chokaa," anasema. "Ukuta uleule."

Mama Msasa ana miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza chini ya paa hili la mabati. Alianza kwa kumletea mumewe chakula cha mchana. Siku moja alimkuta hayupo, amekwenda kununua rangi, akaokota msasa na kusugua mlango wa gari ili kupoteza muda.

"Aliporudi akapitisha kiganja, akauliza, nani kafanya hivi? Nikajua nimeharibu. Nikamwambia, sijui, labda ni upepo!" Anacheka mpaka kitambaa kinamshuka puani. "Kumbe alikuwa anataka kunisifu."

Mume alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Alimwachia kompresa ya kupulizia rangi, watoto wawili wa shule, na paa lenye nguzo nne lisilo na ukuta. Watoto wamekua, mmoja ni muuguzi, mwingine anafundisha. Wote wawili humwambia apumzike. Yeye huwajibu kwamba akipumzika atazeeka.

Wiki ikiwa nzuri humaliza mabampa matatu. Msimu wa mvua rangi haikauki, vumbi la barabarani likikauka tu linakuja kukaa juu yake, na wiki mbili zinaweza kupita na bampa moja tu. Ndiyo maana anajenga chumba cha kupakia rangi. Mabati yanayotakiwa ni thelathini; amefikisha kumi na mawili, ameyapanga nyuma ya meza na kuyafunika gunia.

Kabla ya kushika chuma kilichosafishwa, anavaa soksi mkononi. Soksi kweli, ya kijivu, ya marehemu mumewe.

"Soksi mkononi, kandambili miguuni," anatania jirani yake, fundi wa kunyoosha bodi ambaye gereji nzima humwita Nyundo. "Huyu mama kavaa kichwa chini miguu juu!"

"Nyamaza, wewe uliyemnyoosha mteja badala ya gari lake."

Lakini soksi ina kisa. Kazi yake ya kwanza peke yake ilikuwa bampa jeupe, na lilitoka kama kioo. Miezi sita baadaye mwenye gari alirudi, akamwonyesha madoa matano mekundu yaliyochomoza juu ya rangi.

"Akaniambia, fundi, hebu weka mkono wako hapa. Nikaweka. Vidole vyangu vikakaa juu ya yale madoa, kimoja kimoja, mpaka kidole gumba. Nilishika chuma kitupu na jasho langu, nikapaka rangi juu. Jasho ni chumvi. Lilikaa miezi sita linaniandikia barua."

Alilirudia lile bampa bure.

Saa tatu mwenye gari anafika kuangalia kazi. Ni mzee wa miaka sabini na minne, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alikuwa mpima ardhi, na hapa wanamwita Bwana Vipimo.

"Shikamoo mzee wangu," anaanza Nyundo. "Umewapimia watu mashamba yao miaka arobaini, leo ukuta wa nyumbani kwako umekushinda?"

"Marahaba. Ukuta umesogea," anajibu Bwana Vipimo, bila hata kutabasamu.

"Umesogea mara nne?"

"Udongo wa pale una tabia mbaya."

Wote wanacheka, ila Mama Msasa. Yeye ana jambo lililomkaa moyoni tangu jana. Jioni ya jana, gari lilipoletwa tu, mtoto mkubwa wa mzee huyu alipita hapa peke yake.

"Mama, nakuheshimu, niambie ukweli," alimwambia. "Macho ya baba yamekwisha, anaona haya kusema. Atakuja kumgonga mtoto wa watu. Keshokutwa nakuja hapa. Ukiniambia haoni, nachukua ufunguo na gari naliuza."

 Mama Msasa alijua maana ya gari lile. Ndilo linalowapeleka mzee na mkewe kila mahali: kliniki, sokoni, kwa wajukuu. Huwezi kumwona mmoja bila mwingine kwenye kiti cha pembeni. Na alijua pia kwamba mtoto hakukosea kuogopa.

Kwa hiyo leo anampima mpimaji.

Nyundo amekwisha kuchomelea kiraka kwa ndani, maana kona ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi. Mama Msasa amepaka dawa ya kutu, amejaza puti ya kuziba mashimo, ameisugua ikalingana, na sasa rangi ya kwanza, ile ya kijivu inayoshika chuma, bado mbichi. Anachukua vifuniko vitatu vya kopo, kila kimoja amekipaka rangi ya maziwa aliyochanganya mwenyewe, anaviweka juani kando ya mlango wa gari.

"Baba, rangi ya gari lako imechujuka kwa jua. Nichagulie ipi inafanana."

Bwana Vipimo hata kuinama hainami.

"Ya katikati. Ya kushoto umezidisha njano, tone moja."

Mama Msasa anakiinua kile cha kushoto. Ni kweli, tone moja.

"Na pale kwenye bampa," mzee anaongeza, akinyoosha kidole kutoka hatua tatu, "umeacha unywele."

Mama Msasa anavaa miwani. Anainama mpaka pua inakaribia kugusa. Unywele upo, mwembamba kama uzi wa buibui. Anauchomoa kwa ncha ya sindano, kisha anasimama mbele ya mzee, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya soksi.

"Baba, macho unayo. Unanishinda mimi. Sasa kwa nini unagonga?"

Mzee anatoa leso, anaikunja mara mbili, anairudisha mfukoni.

"Rangi itakauka saa ngapi?" anauliza.

"Kesho saa tisa. Lakini sikiliza, safari hii limeshikwa na kiraka. Likigongwa tena, sina pa kushika. Na lingine kama hili halipatikani."

"Nimesikia, mama," anasema Bwana Vipimo, na anakwenda zake.

Kesho yake saa tisa bampa limerudi mahali pake. Limepakwa tabaka tatu, limekauka, na kona ya kushoto huwezi kuitofautisha na ya kulia. Mtoto wa mzee amekwisha kufika. Amesimama kando ya kompresa, mikono nyuma, anasubiri.

Bwana Vipimo anakuja na mkewe, wameshikana mikono. Mama huyo ana mkoba mweusi na kilemba kilichofungwa kwa makini.

"Hujambo, mwanangu?" anamwambia Mama Msasa.

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba." Anaangalia mabati, anaangalia makopo, anageuka. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo mama, shikamoo."

Inapofika mara ya tatu, Mama Msasa anaitikia kwa uchangamfu uleule wa kwanza. Nyundo, ambaye mdomo wake haujui likizo, safari hii anashika kazi yake.

Mzee anaingia garini na kushusha kioo cha dirisha. Inabidi arudi nyuma kidogo ndipo akate kona kuelekea barabarani. Hakuna aliyemwambia mkewe afanye nini. Anaweka mkoba chini, anazunguka gari, anasimama pembeni ya buti na kuinua mikono yote miwili, imara kama askari wa barabarani.

"Njoo! Njoo, baba watoto, njoo!"

Gari linarudi taratibu. Mama Msasa anamtazama mzee. Mzee hatazami kioo cha ndani. Hatazami kioo cha pembeni. Shingo imenyooka mbele, anasikiliza tu.

"Njoo! Njoo!"

Nguzo ya paa iko nyuma. Macho ya yule mama yameshuka kwenye bampa, anashangaa uzuri wa rangi, lakini mikono inaendelea kuita.

"Njoo. Njoo, baba watoto."

"Simama!" Mama Msasa anapiga paa la gari kwa kiganja. "Simama, baba!"

Gari linasimama. Kati ya bampa na nguzo, ngumi haipiti.

"Umefika," mke anasema kwa fahari, na anaokota mkoba wake.

Nyundo anamwongoza mpaka kwenye benchi la kivulini na kumtafutia maji ya kunywa. Mtoto anakwenda dirishani kwa baba yake, mkono umenyooshwa.

"Mama Msasa, umeona mwenyewe. Haoni. Baba, nipe ufunguo."

"Anaona," Mama Msasa anasema. "Jana ameona unywele ambao mimi na miwani yangu sikuuona. Sitasema uongo juu ya macho ya mtu."

"Kama anaona, mbona hakutazama kioo?"

 Mama Msasa anavua soksi mkononi na kuinama dirishani.

"Baba, kesho asubuhi nakuja kwako na matairi mawili. Nitayafunga kwenye ukuta wako, bure, na kila wiki nitapita kuyakagua. Na nguzo zangu hizi nitazivika vilevile. Bampa nitalitunza mimi. Lakini nilikuuliza jana, na leo mwanao anauliza."

Bwana Vipimo anatazama upande wa benchi. Mkewe anakunywa maji, anamwambia Nyundo hujambo, mwanangu. Hawezi kuwasikia.

"Tangu gari letu la kwanza, miaka arobaini na minane, yeye ndiye husimama nyuma," mzee anasema kwa sauti ya chini. "Sijawahi kurudi nyuma bila sauti yake. Sasa majina ya wajukuu yamempotea. Jiko hawashi tena. Njia ya sokoni haijui. 'Njoo' bado anayo. Ni 'simama' tu ndiyo imekwenda."

Mkono wa mwanawe unashuka.

"Siku nitakayotazama kioo," anasema Bwana Vipimo, "atajua."