Yu Darkem na Shemeji wa Juu

Masale yalipoanza kusogea, Yu Darkem hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyekuwa akiyasogeza.

Yalikuwa masale mekundu ya mpaka, yaliyopandwa na baba mkwe wake siku alipowagawia wanawe wawili shamba la kilimani. Sehemu ya juu alimpa mdogo, Rasmidi, aliyeitwa Midi. Ya chini, iliyopakana na nyumba, alimpa mkubwa, mume wa Darkem. Mume alikwisha kufa kwa maradhi ya kifua, na shamba likabaki mikononi mwa mjane. Lilikuwa shamba la salak, yale matunda yenye ganda kama la nyoka, ambayo mti wake ni miiba mitupu toka shinani hadi nchani. Kila asubuhi Darkem alijifunga kitambaa kichwani, akaingia humo akiwa ameinama, akachukua ua dume na kulipukusa juu ya ua jike, mti kwa mti, kwa sababu salak za pale hazizai zisipofanyiwa hivyo kwa mkono. Alikuwa na makovu hadi viwikoni, na kila mti aliujua kama mtu anavyowajua watoto wa jirani. Kwa hiyo alipoona mstari wa masale umekaribia kamba yake ya kuanikia nguo, hakujiambia kwamba huenda macho yamechoka. Alisema neno moja tu: "Midi."

Pale kijijini Silumut wote walimwita Yu, yaani dada mkubwa, na wote waliijua tabia yake. Alikuwa mtu wa kunusa. Akinunua tempe sokoni, yaani soya iliyogandishwa ndani ya jani, alifunua jani aione hadi katikati. Kijana akimsalimia kwa adabu iliyozidi, alijiuliza amevunja nini. Binti yake wa pekee, Wigati, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Hong Kong, alimtania kwenye simu: "Mama, hata mimi utanishuku kwamba si mwanao."

"Wewe nilikuzaa mwenyewe," Darkem alimjibu, "ndiyo maana wewe sikushuku sana."

Basi akapanda kwa shemeji yake. Alimkuta kibarazani anakula tempe ya kukaanga pamoja na mkewe, Sutinah.

"Midi, masale yana miguu?"

"Karibu kwanza ukae, Yu. Tinah, mletee Yu chai."

"Sikuja kunywa chai. Nimeuliza, masale yana miguu?"

Midi alicheka, lakini kicheko kilikatika upesi mno. "Yana mizizi, Yu."

"Basi mizizi yake imepata safari. Imeshuka hadi kwangu, imenimegea shamba."

"Ni mvua tu. Si unaujua udongo wa huku?"

"Mvua gani hiyo inayochagua mpaka wa mjane?"

Sutinah akainamisha uso, akajifanya anapanga vipande vya tempe kwenye sahani. Darkem aliliona hilo. Akashuka zake bila kugusa chai, na njia nzima alikuwa akikichambua kile kicheko kilichokatika.

Tangu siku hiyo kila kilichoharibika nyumbani kwake kilikuwa na mwenyewe. Mlango wa jikoni ulianza kukwama, ukawa haufungi mpaka usukumwe kwa bega: Midi ameutikisa bawaba. Mianzi iliyoteremsha maji toka chemchemi ikawa inachomoka kila mara palepale pa kuungana: Midi. Sakafu ya saruji pale anapofulia ilipasuka ufa mwembamba kama unywele. Hapo Darkem alifikiri sana, kwa sababu hakuona mtu anawezaje kupasua saruji bila kelele. Lakini mwisho wake akaona kwamba mtu mwenye nia hawezi kukosa njia.

Na Midi mwenyewe alimsaidia kumshuku. Alionekana akishuka toka juu kabla jua halijachomoza, jembe begani, limejaa matope mabichi, hata siku ambazo hapakuwa na kazi ya jembe. Akiulizwa atokako anasema anatazama mitego ya panya. Kisha, bila sababu, akamletea Darkem kuku aliyekwisha kupikwa.

"Wa nini huyu?" Darkem aliuliza.

"Kuku tu, Yu. Shemeji hawezi kumletea shemeji yake kuku?"

"Hajawahi."

Midi akakuna kisogo. "Nilikuwa nafikiri, Yu... msimu huu wa mvua kwa nini usiende ukakae kwa dada yako Purbalingga? Ukapumzike kidogo. Mimi nitakuangalizia shamba."

Nitakuangalizia shamba! Darkem alimtazama mpaka akaondoka. Kisha akampa paka shingo ya yule kuku, akakaa kitako akingojea, na alipoona paka amelala anajilamba, ndipo akala naye.

Haikupita muda akaja mtu na gari, amevaa koti la ngozi, viatu vyake havijawahi kukanyaga tope. Alitembezwa na Midi katika shamba la juu. Darkem alijibanza katikati ya miti yake ya salak, miiba inamchoma mgongoni, akawasikiliza. Midi alisifu udongo, akasifu maji, akasifu hewa. Lakini kila yule mgeni alipotaka kupanda hadi ukingo wa juu kabisa, Midi alimgeuza kwa maneno matamu, akimwita Pak, yaani bwana. "Huko ni vichaka tu, Pak, kuna nyoka. Twende huku nikuonyeshe chemchemi."

Sasa Darkem akawa na hakika. Midi anauza shamba, tena anauza na kipande alichomwibia. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, Pak Karsun, mtu mnene mpole aliyekuwa akitengeneza tundu la ndege wake.

"Yu," Pak Karsun alisema baada ya kusikiliza yote, "mwaka jana ulisema mimi nimeiba jogoo wako."

"Na jogoo alirudi siku ileile niliposema."

"Alirudi kwa miguu yake!"

"Ndivyo unavyosema wewe."

Pak Karsun akacheka hadi machozi, akaahidi kuja kuutazama huo mpaka pindi mvua zitakapopungua. Hazikupungua. Zilinyesha mfululizo hadi nguo zikaota ukungu sandukuni na kuku wakawa hawatoki uvunguni. Maji ya chemchemi, ambayo siku zote yalikuwa meupe, yakaja mekundu kama chai. Darkem alipoyaona alisema, sasa huyu anachimba hata huko.

Asubuhi moja mvua ikakatika ghafla. Ukungu ulikuwa mzito, sauti ya adhana ndiyo kwanza imenyamaza. Darkem akasikia juu kule jembe likigonga jiwe. Akachukua mundu, akapanda kwa kunyata, akipita katikati ya salak mahali asipoweza kuonekana. Alipofika ukingo wa juu wa shamba la shemeji yake, akamwona. Midi alikuwa amepiga magoti, kando yake pakacha la udongo na vigogo vya migomba, anafukia kitu haraka haraka.

"Leo nimekushika!" Darkem alipaza sauti.

Midi aliruka kama aliyeumwa. "Yu! Usije huku! Baki hapohapo!"

"Nibaki ili umalize? Unazika nini hapo? Yale masale uliyong'oa?"

"Yu, nakuomba kwa jina la Mungu, usikanyage hapo!"

Mtu akimwambia Darkem asikanyage mahali, ndipo hapohapo anapokanyaga. Alipiga hatua, na mguu ukazama hadi gotini. Udongo uliokuwa umefukiwa juujuu ukaporomoka chini yake, akaanguka kifudifudi, na mbele ya uso wake akaona ufa. Haukuwa kama ule wa kwenye sakafu yake. Huu uliweza kummeza mbuzi, na ulikwenda kushoto na kulia ukipotelea kwenye ukungu. Hewa baridi ilitoka ndani yake, yenye harufu ya udongo usiowahi kuona jua.

Midi alimvuta kwa mkono. Darkem akajikwamua, akatwaa mwanzi mrefu uliokuwa pale, akautumbukiza. Mwanzi ukaingia wote, na mkono wake ukaingia hadi begani, na bado haukugusa kitu.

Kisha Darkem akageuka, akatazama chini. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, akaona masale yote mekundu yamejipanga vizuri kama siku yalipopandwa, yameshuka pamoja na udongo wake, na chini yake paa la nyumba yake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana. Ulikuwa mwembamba, Yu. Nilidhani nikiufukia maji hayataingia."

"Na yule mwenye koti la ngozi?"

Midi akaanza kukwangua tope kwenye jembe.

"Ulitaka kumuuzia kilima kinachoondoka. Mtu aje na watoto wake."

"Nikisema tungehamishwa sote, kama wale wa ng'ambo ya mto. Wamepewa vyumba, hawakupewa mashamba. Ningekula nini? Nilitaka niuze kwanza, halafu niseme."

"Na mimi je, niliyelala chini yake?"

"Nilikwambia uende kwa dada yako!" Midi alilia kwa sauti ya mtoto. "Nilikwambia, nikakuletea na kuku!"

Darkem alitaka kumpiga kwa ubapa wa mundu. Badala yake akageuka, akaanza kushuka. Midi akamfuata, akimsihi, akimshika mkono wa nguo. "Yu, ukipiga kigogo cha kuitia watu mimi nimekwisha. Ngoja hata mpaka kesho." Hakungoja. Alifika kwenye kibanda cha walinzi wa zamu, akakishika kile kigogo cha mwanzi kilichoning'inia mlangoni, akakigonga mpaka mikono ikafa ganzi.

Watu walitoka na watoto migongoni. Pak Karsun alikuja na kikoi chake cha kulalia. "Ni mambo yenu ya mpaka tena haya?" Darkem hakubishana naye, alimshika mkono, akampandisha. Mwenyekiti aliporudi uso ulikuwa umempauka. Nyumba zote za ubavu ule zikahamwa siku hiyo, watu na mbuzi na magodoro, wakajibanza katika shule iliyoko ng'ambo ya mto.

Kisha jua likawaka, siku baada ya siku. Kilima kilikaa kimya, kibichi, kizuri. Watu waliochoka kulala sakafuni wakaanza kumsema Darkem, kwanza kwa kunong'ona, baadaye waziwazi. "Ufa wa nini? Kwetu nyufa ni kama kunguni, zipo kila nyumba." "Amepata mpaka wake sasa, na sisi salak zetu zinaoza." Naye Darkem, tuseme kweli, hata yeye alianza kuingiwa na wasiwasi. Alimfuata Sutinah alipokuwa akiosha vyombo.

"Tinah, niambie sisi wawili tu. Ule ufa hakuuchimba Midi?"

Sutinah aliweka sahani chini. "Yu, mume wangu kuchimba choo tu kulimchukua msimu mzima."

Jibu hilo lilimtuliza hadi adhuhuri. Adhuhuri akasikia kwamba Midi haonekani shuleni mchana. Kila siku hukaa kwenye kona ya njia ya kupandia kilimani, anawarudisha watu wote wanaotaka kwenda mashambani, na kwa ajili hiyo ametukanwa matusi ya kila namna. Darkem akajua sababu. Salak za Darkem mwenyewe zilikuwa zimeiva. Nani mwingine angewafukuza watu ili achume peke yake?

Alimkuta amekaa juu ya jiwe, fimbo mkononi, midomo imekauka.

"Nipishe."

"Sikupishi, Yu."

"Fungua hilo pakacha lako nione."

Akalifungua. Mlikuwa na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba na chupa ya maji. Darkem alitazama hata chini ya jani.

"Shamba ni langu, Midi. Nipishe nikachume changu."

"Nipige ukitaka. Hupiti."

Alimsukuma. Midi akamshika mabega yote mawili, na walikuwa wakisukumana hivyo, watu wazima wawili katikati ya njia, waliposikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu. Mbele yao miti ya salak ilianza kutembea. Ilishuka imesimama wima, yote pamoja na migomba, pole pole mwanzoni, kisha kwa mbio, na nyumba ya Darkem ikainuka upande mmoja kama mtu anayeamka, ikakunjika, ikafunikwa. Vumbi likawafikia. Midi alikuwa bado amemshika mabega, na Darkem alikuwa amemng'ang'ania shati.

Hakuna aliyekufa. Waliokuwa wakimsema Darkem walikuja kumshika mkono mmoja mmoja, naye alimtazama kila mmoja usoni aone kama anamaanisha.

Walijengewa vyumba vipya kwenye uwanda, vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, na ikatokea kwamba chumba cha Darkem kikagusana na cha Midi. Kabla ya kugawiwa uliitishwa mkutano, na ofisa kutoka wilayani akauliza kama kuna aliyejua mapema. Watu wote waligeuka kumtazama Darkem. Midi alikuwa amekaa nyuma, kofia magotini. Darkem alinyanyuka.

"Shemeji yangu alijua," alisema. "Alijua mwaka mzima. Na siku kilima kilipoondoka, asingekuwa yeye njiani, ningekuwa chini yake. Yote mawili andikeni."

Midi akavuliwa nafasi yake katika kamati ya msikiti, na mwenye koti la ngozi akaja kumtukana mlangoni mbele ya watu. Midi hakusema na Darkem tangu siku hiyo. Mwezi mzima wa Ramadhani walifuturu huku na huku ya ukuta, kila mmoja akisikia vijiko vya mwenzake.

Asubuhi ya Idi mlango ukagongwa. Alikuwa Midi, amevaa batiki mpya, Sutinah nyuma yake. Aliingia, akapiga magoti mbele ya shemeji yake mkubwa kama ilivyo desturi, akainamisha kichwa hadi magotini pake, akaomba asamehewe makosa ya nje na ya ndani.

Darkem aliacha mkono wake hewani kwa muda. "Umekuja kutaka nini, Midi?"

"Sitaki kitu, Yu."

"Hakika?"

"Hakika."

Akamwekea mkono kichwani. Kisha akawakaribisha wakae, akamimina chai, akaweka sukari nyingi kama apendavyo Midi, akavuta kigoda akakaa mbele yao, na muda wote wa kunywa hakuiondolea macho mikono ya Midi.