Jina la Wachimba Mashimo

Nilipokuwa mtoto nilidhani kila mtu huliogopa jina lake kidogo. Letu lilikuwa Kamarima, na Naro Moru nzima waliokuwa nalo ni sisi tu. Mwalimu akilisoma asubuhi, niliokaa nao dawati moja walisogea kando.

Shosho, mama yake baba, ndiye aliyenieleza lilikotoka. Babu mmoja wa zamani, upande wa Kiriaini, alichimba mashimo ya kunasia wanyama ukingoni mwa msitu. Kwa Kikuyu mashimo ni marima, na jina likaanzia hapo. Siku moja alisahau kuweka matawi ya kuonya watu, na mtoto wa jirani akatumbukia, akafa. Mama wa mtoto huyo akatamka kwamba mashimo yatawarudia wenyewe. Tangu hapo watu wa ukoo wetu hawachimbi kaburi, kisima wala choo, huajiri mtu. Wengi walijibadilisha jina. Liulize leo Kiriaini au Kagio, utatazamwa tu.

"Ukiona shimo, zunguka," Shosho aliniambia. "Hata kama ni ya kupanda miti."

Sasa, mtoto atazungukaje shimo asiloliona? Jirani alikuwa akichimbiwa choo, mvua ikakatiza kazi, naye akafunika shimo kwa magunia na nyasi kavu. Kuku wetu alikuwa na tabia ya kutagia kwa jirani huyo. Nilifuata mayai nikajikuta chini, matope hadi magotini, na juu yangu kipande cha mbingu ambacho beseni lingekifunika. Kila nilipojaribu kukwea, udongo ulinirudisha. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Watu walifika. Jambo nisilolisahau ni hili: walilijadili jina langu kabla ya kutafuta kamba. Wanaume wazima waliulizana nani ashuke, wakakubaliana wamsubiri mchimbaji, ambaye alikuwa ameenda sokoni.

Baba alikuja mbio. Alikuwa mpagazi, akiwabebea wapanda mlima mizigo, na kamba yake alikuwa nayo. Nilimsikia Shosho akimzuia.

"Usiingie huko. Kamarima akiingia kwa shimo, hatoki."

"Mami," baba alisema bila hasira, "huyu pia ni Kamarima, na ako ndani."

Akafunga kamba kwenye mti, akashuka. Alinipandisha mabegani nikavutwa juu. Yeye alipokuwa akikwea, ukuta uliporomoka ukamvunja goti. Alitolewa akiwa hai, lakini mlimani hakurudi tena na mzigo wa mtu. Shosho hakumkumbusha onyo lake, alilia tu. Majirani ndio waliomkumbusha.

Baba hakupata mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu mvulana wa pili hupewa jina la babu yake upande wa mama, kwa hiyo jina lilibaki mikononi mwetu sisi binti zake. Dada yangu ana wasichana watupu. Mwaka huu nimejifungua mvulana wangu wa pili. Mama mkwe, mtu mpole sana, aliniletea uji akaniomba nitumie jina la ubatizo la baba, kwa sababu lile goti bado linamtisha. Nikabanwa. Nikikubali, nimelizika jina. Nikikataa, nimemtwika laana mtoto asiyeweza hata kugeuza shingo. Nilimkasirikia babu yule na matawi yake hadi nikausukuma uji kando.

Kisha baba akaja kumwona mjukuu, akiburuta mguu. Aliketi, akampakata, akawa anamwita "kijana" tu. Hakuniuliza jina hata mara moja, na huko kutouliza kuliniuma kuliko chochote.

"Baba," nilimwambia, "huyo umeshika ni Kamarima."

Alivuta blanketi akamfunika mtoto miguu, na mama mkwe akachukua bakuli la uji akatoka nje.

Woga haujaniisha. Shimo la taka la kwetu nimelifunika kwa bati, nikalikandamiza kwa mawe, na mtoto akianza kutambaa nitayaongeza. Siku akiniuliza jina lake limetoka wapi nitamweleza yote, hata habari za yule mtoto wa jirani. Ila nitaanza na mtu aliyefunga kamba kwenye mti.