Mjusi Juu ya Nyasi za Wageni

Harufu ya nyasi zilizokatwa rweya, kwenye uwanda wa nyasi nje ya migomba, zikaachwa zinyauke juani nusu siku, ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi nyumbani kwetu Buganguzi. Mama alizitandaza sakafuni taratibu, ncha zote zikielekea mlangoni, na tangu hapo hadi misa ya Jumapili iishe hakuna mtoto aliyethubutu kuzikanyaga kwa miguu yenye tope. Nyasi hizo zilikuwa za wageni. Mtu akiketi juu yake akanyoosha miguu, sote tulijua kwamba amepokelewa. Katika nyumba hiyo, nikiwa na umri wa miaka kumi na miezi miwili, nilimlea mjusi, wala siombi radhi kwa hilo hata leo.

Nilimpata siku ya Jumanne, juma la kwanza la msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Kaka yangu Deusi alikuwa amemwangusha kwa manati kutoka kwenye mbuni, mti wa kahawa wa uani. Alikuwa mjusi wa kichwa cha buluu, mguu wake wa nyuma wa kulia umevunjika, na kuku walikwisha kumzunguka. Nilimwingiza katika sanduku la mbao la sabuni, nikalifunika kwa kipande cha wavu wa kuanikia kahawa. Tata, yaani baba yangu, alichungulia ndani, akatoa hukumu: nina majuma matatu. Jumanne ya tatu mjusi asipoweza kutembea, atarudishwa kwa kuku. Deusi, aliyekuwa darasa la tano wakati mimi sijaandikishwa shule yoyote, alicheka hadi akakohoa. "Hata herufi moja hujui, leo umekuwa daktari?"

Tatizo lilikuwa sakafu. Mbao za sanduku zilikuwa na vibanzi, naye mgonjwa wangu alikuwa akiburuta tumbo. Nilianza na maganda ya kahawa, kwa kuwa yalikuwa makavu, laini, na yamejaa uani. Nilimpa senene niliowanyonyoa mbawa na miguu. Naye kila alipomnasa mmoja kwa ulimi, alimmeza pamoja na maganda. Kufikia Ijumaa alikuwa amekataa chakula, na tumbo lake lilikuwa gumu kama kokwa. Nilimkalisha katika maji ya vuguvugu, nikampapasa tumbo kuelekea mkiani, asubuhi na jioni. Siku iliyofuata alitoa vipande vitatu vya maganda. Nilivichunguza kimoja kimoja, kisha nikayamwaga maganda yote migombani.

Jumamosi hiyohiyo, Mama alipomaliza kutandaza, nilichota nyasi za mikono miwili kutoka pembeni mwa sebule nikamtandikia. Tata aliingia akaona pengo.

"Nani amekula sakafu yangu?"

"Ni mimi, Tata. Nimemtandikia mjusi."

"Nyasi za wageni, unampa mjusi?"

"Naye ni mgeni. Hakuja kwa hiari yake. Aliletwa na jiwe la Deusi."

Deusi alirukia: "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu katuponya nini?"

"Bado," nilimjibu. "Ugonjwa wako ni wa siku nyingi."

Mama aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Tata hakucheka, lakini pia hakuzichukua nyasi zake.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo lilikuwa letu sote. Tuliamini kwamba hakuna sakafu duniani ipitayo nyasi, kwa sababu sisi tulitambaa juu yake tangu uchanga. Mjusi hakulelewa sebuleni. Jumatano nilikuta unyasi mmoja umejisokota kwenye mguu wake mbovu kama uzi, na mguu umevimba. Niliukata kwa wembe, pumzi nimeibana, kisha nikaketi kumtazama, maana mwenye macho haambiwi tazama. Nilipomtoa nje, alijikokota moja kwa moja hadi kwenye gome kavu la mgomba lililoanguka, pana na laini, akalala juu yake. Sikuhitaji herufi kulielewa jibu hilo. Nilikata magome mapana, nikayafuta vumbi, nikayalaza upande laini ukiwa juu, kingo zikibana kuta ili senene wasijifiche chini. Nilibadilisha kila baada ya siku mbili.

Jumanne ya tatu Tata alikuja kabla ya uji, akiwa katika buti zake za shambani. "Mtoe."

Nilimweka uani. Kuku wawili walisogea. Mjusi alitulia, akainua kichwa mara mbili, kisha akatimua mbio, mguu mmoja ukichechemea, akapanda buti la Tata, akapanda suruali, akasimama gotini. Tata aliganda kama nguzo.

"Mwanangu, mwondoe."

"Atashuka mwenyewe, Tata. Sasa ana miguu."

Alishuka alipotaka, akapanda mbuni, akatokomea. Mwaka uliofuata Tata hakuniandikisha shule, wala mwaka mwingine. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka thelathini na mmoja, mwezi wa tatu baada ya kumzika mume wangu, huku majirani wakiuliza mjane anatafuta nini kwenye madawati.

Sasa naishi Miembeni, mjini Bukoba, na mjukuu wangu Kemi anafuga mjusi ndani ya tangi la kioo. Mwezi uliopita mwanangu alimnunulia mfuko wa mchanga wa rangi. Nilimwambia utamziba tumbo.

"Mama, mwenye duka amesoma mambo haya."

Nilivaa miwani, nikauchukua mfuko. Mimi husoma polepole, na ndiyo maana hufika mwisho. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba mchanga huo ni wa kupambia tangi la samaki. Mwanangu aliusoma mstari huo mara mbili, akaubeba mfuko akatoka nao. Mjusi wa Kemi analala juu ya gazeti. Kila asubuhi, kabla ya kulitandika, nalisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na wote wawili wanangoja hadi nimalize.