Siku Ndinda Alipotumwa Mlangoni Kwetu

Nakumbuka Jumapili moja, miaka ile ya sabini, babu yako ameketi kitandani katika chumba chetu pale mtaani Mbotela, mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Mashine ya kukata mabati huko viwandani Industrial Area iliula. Kifuniko chake kilikuwa kimeng'oka kitambo, na msimamizi alijua.

Mjukuu wangu, umemaliza chuo kikuu, umesomea hizo sera za jamii, na unaniuliza ushike kazi gani: ya kanjo kule baraza la jiji, ya kanisa, au ile ya kiwandani yenye mshahara mnono. Shule mimi niliiona kwa dirisha, lakini hilo naweza kukujibu. Keti.

Basi Jumapili hiyo hodi ikapigwa. Alikuwa Ndinda, binti wa dereva jirani yetu. Mtaa mzima ulimchangia karo, na mkono huo huo uliokatika ulitoa. Alisomea mambo kama haya yako, kisha kiwanda alichofanyia kazi babu yako kikamwandika awe afisa wa maslahi ya wafanyakazi. Tulijivuna, we! Siku hiyo alibeba unga, sukari na mafuta ya kupikia.

"Mkono mtupu haulambwi, Mama Wanjiku," akasema, akacheka peke yake. Halafu akaona bendeji, akautua mzigo sakafuni.

Mwishowe akalitema neno alilotumwa. Kesho afisa wa kazi wa serikali angekuja kiwandani kumsikiza babu yako. Aseme kifuniko alikitoa mwenyewe, naye atapewa kazi ya kulinda lango. Akisema vingine, hata hiyo hataiona.

"Na ni kweli alikitoa?" nikamuuliza.

"Mama, mimi nimetumwa tu. Mjumbe hauawi."

"Hauawi, eh? Na ugali wangu ulioula ulipokuwa mtoto wa kamasi, ulitumwa pia?"

Babu yako akanikatiza. "Wacha, Mama Wanjiku. Huyu ni mtoto wetu. Hawezi kutuuza."

Ndiyo maana walimtuma yeye, mwanangu. Mgeni ningemfukuza na mwiko. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake yule afisa wa serikali akamwambia ainue mkono wa kulia aape. Babu yako, kwa mazoea, akainua kile kigutu chenye bendeji. Kisha akasema alivyofundishwa. Ndinda alitazama sakafu.

Fidia hatukuiona; si alishaapa kosa ni lake? Lango akapewa mwingine. Mama yako Wanjiku akatoka shule darasa la sita, tukauza makaa pamoja. Ndiyo maana vidole vyake unaviona vyeusi vile.

Ndinda alipandishwa cheo. Alipokuja kuaga akihamia mtaa mzuri, babu yako akamwambia bila hasira, "Tulikusomesha utusemee, mwanangu. Ukaja kututia maneno mdomoni." Ndinda akalia. Nilimwacha alie, na chai sikumpa.

Sasa sikia. Sikukatazi kiwanda. Hata kanjo watakutuma kumbomolea mtu kibanda, na hata kanisani kuna watu wa kukutuma vibaya. Mshahara si dhambi. Njaa naijua kuliko wewe. Lakini siku watakapokutuma kwa maskini kwa sababu maskini huyo anakupenda, kataa. Kataa hata ukifutwa kazi. Makaa yapo, tutauza.

Lete viganja vyako, vyote viwili, nikutemee mate ya baraka. Thu! Mungu akupe kazi ambayo ukipiga hodi kwa mwenye shida atafungua, na ukishaondoka asijute kwamba alifungua.