Nilivyomsengenya Baba Mkwe Kliniki

Nichekeni, lakini taratibu. Mimi na mke wangu Rukia tumekaa miaka bila mtoto, na babake, Mzee Athmani wa Mikindani, haachi kuniuliza. Niliposikia kliniki moja Changamwe inatafuta wanaume wa kujiunga na utafiti wa dawa mpya ya uzazi, nilikwenda kwa siri, kofia hadi kwenye nyusi, barakoa hadi chini ya macho.

Kwenye benchi nilimkuta mwanamume aliyejifunika vilevile. Nikamwona mwenzangu, nikammiminia yote.

"Wallahi, ndugu yangu, kinachonitesa si ugonjwa, ni baba mkwe. Kila nikimwamkia, mjukuu yuko wapi!"

Akaitikia "mmh" tu. Nikaona nimepata msikivu, nikamwigizia hata sauti ya mkwe ya puani.

Muuguzi akatokeza mlangoni. "Mzee Athmani, karibu. Dawa yako ya wiki hii iko tayari."

Mwenzangu akainuka, akashusha barakoa, akanitazama.

"Shikamoo, baba," nikanong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Rukia asijue umenikuta hapa. Huyu mke niliyemwoa juzi naye anataka mtoto."